Leseni ya swala wa Wyoming ninayo, ardhi ya umma siifikii: niende au niache?

Swali:

"Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania, naishi Denver mwaka wa nne sasa, nina green card na kozi ya usalama wa wawindaji nimeshamaliza. Mwaka huu niliomba leseni ya swala wa huku, pronghoni, kule Wyoming kwenye bahati nasibu nikakosa, baadaye zikabaki nyingine nikanunua ya jike kwa bei chee, eneo la upande wa Gillette, msimu unaanza Oktoba 1. Jamaa wa kazini ananiambia usijali, ardhi ya serikali ni ya wote, nenda mbali kabisa na watu ingia tu upige. Lakini nikifungua ramani naona vipande vya njano vimetapakaa huku na huku na vingi havina hata njia. Gari yangu ni RAV4 na nitakuwa peke yangu. Halafu wengi hapa wananiambia nyama ya huyu mnyama inanuka, hailiki. Na mimi ni Muislamu, nikimpiga akafa kabla sijamfikia inakuwaje? Niende au niachane nayo tu?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kuangalia ramani kabla ya kuwasha gari, maana wengi wanafika kwanza, wanakuta senyenge na bango, halafu ndo wanaanza kupiga simu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo lakini yote yanarudi palepale. Kumwona mnyama kule sio kazi, utamwona mpaka uchoke, wakati mwingine hata ukiwa barabarani. Kazi ni kumfikia kwa njia halali na kutoka na nyama yako kabla haijaharibika.

Tuanze na huyo jamaa yako wa kazini, kasema kweli ila kasema nusu. Hizo njano ni ardhi ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, na Wyoming peke yake wana ekari kama milioni 18. Hulipi kiingilio, leseni yako inatosha, na sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga hema mpaka siku 14. Nusu aliyoiacha ni kwamba ardhi kuwa ya umma hakukupi haki ya kukatiza shamba la mtu ili uifikie. Kipande cha njano kilichozungukwa na nyeupe, yaani ardhi ya watu binafsi, pande zote ni chako kwenye makaratasi tu, mwenye ranchi ndo anayekifaidi. Na sheria ya Wyoming haimlazimishi mwenye ardhi aweke bango wala uzio, jukumu la kujua uko kwa nani ni la mwindaji. Ukikamatwa ndani ukasema "sikuona bango" afisa wanyamapori atakusikiliza vizuri kabisa huku anaandika.

Kwa nini vimetapakaa hivyo? Upande wa Gillette walowezi waligawiwa ardhi bure kwa sheria ya 1862 na baadaye ile ya 1916 ya wafugaji, na mtu akipewa achague anachagua penye maji, kando ya mto, bondeni kwenye majani. Palipobaki ni vilima vikavu ambavyo hakuna aliyevitaka, serikali ikabaki navyo mpaka leo. Kwa hiyo unachokiona sio mpango wa mtu, ni mabaki. Kusini kuanzia Rawlins mpaka Rock Springs ni hadithi nyingine, kule serikali iliwapa watu wa reli kipande cha maili moja ya mraba wao, kinachofuata cha serikali, hivyo hivyo mpaka maili 20 kila upande wa reli, na ramani yake ndo ile inafanana na ubao wa drafti.

Na hapo utasikia watu wanabishana kuhusu kuvuka kwenye kona, yaani vipande viwili vya umma vinagusana pembe kwa pembe, we unaruka kutoka kimoja kwenda kingine bila kukanyaga cha mtu. Kuna wawindaji kutoka Missouri walifanya hivyo Elk Mountain, mwaka 2021 wakabeba mpaka ngazi ya chuma ya kupandia na kushukia upande wa pili ili wasiguse kitu cha mtu. Walishtakiwa, jopo la raia mahakamani (jury) likawaachia 2022, mwenye ranchi akawafungulia madai ya mamilioni ya dola, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10 ikasema hawana kosa mradi hawakugusa ardhi yake, ikaegemea sheria ya 1885 inayokataza watu kuzungushia uzio ardhi ya umma. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza, kwa hiyo kwa Wyoming na majimbo mengine ya mzunguko huo ndo msimamo. Haki unayo. Ila kwa safari yako ya kwanza mimi nakwambia achana nayo, kwa sababu simu yako inaweza kukosea mita kadhaa na kona ni nukta, lazima uikute ile alama ya shaba ya wapimaji iliyopigwa chini, na zingine zimefukiwa au hazionekani kabisa. Ukikosea mita 3 haujavuka kona, umeingia kwa mtu.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya green card yako. Kuingia kwa mtu kuwinda bila ruhusa kule ni kosa la jinai, usilifananishe na faini ya kupaki vibaya, na siku ukijaza fomu ya uraia utaulizwa kama uliwahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Ya silaha ndo mabaya zaidi, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kukuondoa nchini hata na green card mkononi. Kumiliki bunduki kwa mwenye green card hakuna shida kwa sheria ya shirikisho, lakini kama una kesi yoyote ya nyuma, hata ndogo, hata ya ugomvi wa nyumbani iliyoisha kimya kimya, usishike bunduki kabla hujakaa na mwanasheria wa uhamiaji ana kwa ana. Mimi ni mwalimu wa uwindaji, hilo siwezi kukutatulia kwa maandishi.

Sasa leseni yenyewe. Nina wasiwasi nayo nakwambia ukweli. Leseni zinazobaki kule zinabaki kwa sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba eneo karibu lote ni la watu binafsi, wenyeji wanalijua wanaliacha. Idara ya wanyamapori ya Wyoming huwa inaweka hata alama ya onyo kwenye maeneo ambayo kuifikia ardhi ya umma ni shida. Fungua kitabu cha kanuni, tafuta namba ya eneo lako, halafu usome ile safu ya masharti mpaka mwisho. Aina ya 6 na ya 7 ndo za majike na watoto, na unaweza kukuta imeandikwa inatumika kwenye ardhi ya mtu binafsi tu, au sehemu fulani tu ya eneo. Kama yako imeandikwa hivyo basi vipande vyote vya njano havikuhusu hata kama vina lami mpaka katikati.

Ukishasoma, piga simu ofisi ya kanda. Gillette iko chini ya kanda ya Sheridan. Usiogope Kiingereza chako wala lafudhi, hao watu kazi yao ni hiyo na wanapenda kuulizwa kabla kuliko kukufuata baada. Waulize: nina leseni ya jike eneo hili, wapi naweza kuingia bila kugombana na mtu? Watakuelekeza kwenye mashamba ambayo idara imeingia mkataba na wenyewe wawindaji waingie kwa miguu, na mengine makubwa zaidi ambayo unachukua kibali cha bure mtandaoni kabla ya kwenda. Ardhi ya jimbo, ile ya bluu kwenye ramani, pia unaweza kuwinda kama kuna barabara ya umma inayoifikia, ila kule kulala hairuhusiwi wala kuwasha moto. Na uangalie barabara pia, sio kila njia ya vumbi ni ya umma, ya kaunti sawa, lakini ile ya tairi mbili inayokatiza nyeupe inaweza kuwa ya mwenye ranchi kabisa.

Njia nyingine ambayo Waswahili wengi tunaiogopa bila sababu ni kwenda kubisha hodi. Wenye ranchi wengi hawataki mtu aguse madume yao, hayo wanauza kwa pesa ndefu kwa wageni, lakini majike yanakula majani ya ng'ombe wao, na we una leseni ya jike. Wengine watakutoza kiasi, wengine watakuachia bure, wengine watakataa na unashukuru unaondoka. Nenda mwezi mmoja kabla, mchana, sio asubuhi ya kwanza ya msimu umevaa kombati. Leseni yako ina kuponi ya mwenye ardhi, ukipata mnyama kwake unampa, yeye anaipeleka idarani analipwa, ukiitaja hiyo anajua kwamba unajua unachofanya.

Hivyo chaguo zako kwa jinsi ninavyoziona: ukipata shamba la mkataba au ruhusa ya mtu, nenda. Ukikuta masharti yanakubana na hujapata ruhusa, iache leseni ife, ya jike kwa mgeni ni dola thelathini na kitu, inauma kidogo lakini ni bei ya mafuta ya kwenda tu. Kuna wa kukuongoza kwa kulipia, salama na unajifunza haraka, ila kwa jike mmoja hesabu yake hailipi labda muwe wawili watatu mchangie. Na kuna kwenda kichwa kichwa kwa ushauri wa jamaa wa kazini, hiyo hapana.

Tuseme umepata pa kuingia. Huyo pronghoni kwanza sio swala kama wetu, ndugu zake wa karibu waliobaki hai ni twiga na okapi, tena kila mwaka anavua ganda la pembe zake. Anakimbia mpaka kama kilomita 88 kwa saa na macho yake makubwa yako pembeni mwa kichwa, kwenye uwanda ule usio na mti anakuona wakati we bado unafunga mlango wa gari. Silaha yake ni macho na mbio, kwa hiyo we silaha yako iwe makorongo na muda. Kaa juu ya kilima alfajiri na darubini, umelala chini, usisimame na anga nyuma yako. Waangalie wanakunywa wapi na wanalala wapi, halafu zunguka kwa nyuma kupitia bondeni, mwisho utambae, na chini kuna dungusi wafupi wenye miiba, vaa pedi za magoti usione aibu. Wakikuona wakakimbia usiwafuate na gari, ni kosa na nyama unaiharibu, subiri, mara nyingi wanazunguka wanarudi.

Kitu kimoja watu hawakiangalii ni uzio. Pronghoni anaweza kuruka ila hataki, anapita chini ya senyenge. Tembea kando ya uzio wa ndani ya eneo lako ulioruhusiwa, utakuta mahali waya wa chini umenyanyuka kidogo au kuna kidimbwi, udongo umechimbika kwa kwato, na kwenye miiba ya ule waya wa chini kuna manyoya meupe na ya kahawia yamenasa. Ukiyakuta hayo unajua ndo mlango wao, kaa mbali kama yadi 150, upepo ukupige usoni, usubiri.

Leseni yako ni ya jike kwa hiyo kabla ya kidole kugusa popote angalia shavu. Dume ana baka jeusi chini ya sikio, kwenye taya. Jike hana. Usitegemee pembe, majike wengine wanazo, fupi kuliko sikio na kwa kawaida hazina tawi, na dume la mwaka mmoja pembe zake zinaweza kukudanganya ukiwa na haraka. Ukiwa na shaka muache aende. Na usipige kundini, risasi inapita mwili mmoja inaua wa nyuma na we una leseni ya mmoja.

Umbali: kama mazoezi yako ni ya kwenye kituo cha kulengea Denver, weka mpaka wako yadi 200. Wyoming ina upepo wewe, na kwa bunduki ya kawaida kama .243 upepo wa maili 10 kwa saa unasogeza risasi inchi 6 au 7 hivi ukiwa yadi 300, upepo wa maili 20 kule ni siku ya kawaida tu, zidisha mara mbili. Sehemu ya moyo na mapafu ya mnyama mdogo hivi ina upana kama wa inchi 8. Ona mwenyewe hesabu inavyokataa. Subiri asimame ubavu, lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini. Na usipige kutoka kwenye gari wala barabara ya umma, vaa kofia au kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa au pinki, ni sheria, na kabla hujaondoka pale alipoangukia ujaze ile kuponi ya mnyama tarehe na sahihi.

Haya, nyama kunuka. Hili linaniudhi kidogo kwa sababu wanaolisema wengi ndo waliomharibu wenyewe. Manyoya ya pronghoni yana uwazi ndani, yanahifadhi joto ili aishi kwenye theluji, akishakufa yale manyoya yanaendelea kuhifadhi joto. Mwanzo wa Oktoba Gillette inaweza kuwa baridi kali au jua kama la Dodoma, huwezi kujua, na ukimuacha na ngozi yake nyuma ya gari ukaendesha mjini kupiga picha, nyama ya paja karibu na mfupa inaanza kuoza kutoka ndani. Ongeza mnyama aliyekimbizwa maili mbili ana jeraha, ongeza manyoya yenye harufu ya tezi yaliyobandikana kwenye nyama kwa sababu kisu hakikusafishwa, halafu mtu anakwambia ni ladha ya majani machungu anayokula. Hapana.

Fanya hivi. Piga picha yako moja, chuna papo hapo. Ukiwa peke yako huna haja hata ya kufungua tumbo mwanzoni: mlaze ubavu, chana ngozi mgongoni kuanzia shingoni, ivute ishuke, toa mguu wa mbele, paja, steki ya mgongo, mgeuze upande wa pili rudia, mwisho unapenyeza mkono nyuma ya mbavu kutoa ile minofu miwili laini ya ndani. Mkono unaoshika manyoya usishike nyama. Vipande viingie kwenye mifuko ya kitambaa inayopumua, ning'iniza au weka kivulini vipoe, halafu boksi la barafu ambalo umeliacha garini limejaa, nazungumzia boksi kubwa sio lile la soda. Maji ya barafu yakiyeyuka yamwage, nyama isiogelee. Mwachie alama ya jinsia kwenye kipande kimoja kama kanuni zinavyotaka, na mapaja, mikono, steki na minofu yote ubebe, kuacha nyama inayolika porini ni kosa. Mnyama mmoja atakupa kilo 15 mpaka 20 za nyama tupu, mtu mmoja unabeba kwa safari mbili kama gari liko maili moja, na hapo ndo utaelewa kwa nini sikutaki uende "mbali kabisa". Ukipoza vizuri ni nyama laini kuliko ya kulungu wao, mimi mishikaki yake naweka tangawizi na ndimu tu, na wageni wananiuliza nimenunua bucha gani.

Kuhusu halali, mimi sio sheikh, ninachojua ni kile wanachofundisha wengi: useme Bismillahi unapofyatua, akifa kwa jeraha la risasi iliyompenya kabla hujamfikia ni halali kama windo, ukimkuta bado ana uhai umchinje. Lakini mambo ya risasi yana maelezo yake, mpigie imamu wako kabla ya kwenda. Hata kiuwindaji inakufaa uende kwake haraka, akiwa hai kisu kinamfupishia mateso.

RAV4 itafika barabara za kaunti zikiwa kavu. Ikinyesha, ule udongo unaganda kwenye tairi mpaka halizunguki, na sio RAV4 tu, malori makubwa yanakwama, kwa hiyo ukiona mawingu ondoka mapema au tulia ulipo mpaka ardhi igande usiku au ikauke. Beba tairi la akiba la ukweli, maji, blanketi, chakula cha siku mbili za ziada, na pakua ramani kabla kwa sababu mtandao utakata. Peke yako bila kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti mimi sikubali, simu mpya zingine zinao uwezo huo, jaribu ukiwa nyumbani ujue unavyofanya kazi. Mtu mmoja Denver ajue umepaki wapi na saa ngapi akikosa ujumbe wako apige simu kwa sherifu. Ukikuta wanyama wamekufa wenyewe bila jeraha usiguse, toa taarifa idarani, mwaka 2019 kulikuwa na ugonjwa wa mapafu uliua pronghoni maeneo hayo hayo ya Gillette.

Kama hujawahi kuchuna hata mbuzi, tafuta mtu akufundishe kwa mikono kabla ya Oktoba, hii huwezi kuielewa kwa kusoma. Mbuzi wa sikukuu kwa Waswahili wenzio hapo Denver anatosha kabisa, omba ushike kisu wewe. Na ukishaongea na Sheridan niandikie namba ya eneo lako na yale maneno ya safu ya masharti kama yalivyo, nikusaidie kuyasoma kabla hujalipia mafuta.